Malale: Ziwa Lilipogeuka Kuwa Msiba

Ramadhani hii huenda kuna mtu kwenu ameuliza, au wewe mwenyewe umejiuliza ukitoka tarawehe: ikiwa Mwenyezi Mungu ni Mwingi wa Rehema, mbona mtoto asiye na dhambi anaumwa mpaka anakufa? Usione haya, kuuliza hakumtoi mtu katika dini. Hebu swali hili tulipeleke ziwani, hapa hapa kwetu, miaka mia na ushee iliyopita.

Reli ilifika Kisumu Desemba 1901. Mji uliitwa Port Florence na kiutawala ulikuwa bado chini ya Uganda, mpaka 1902. Mwaka huo huo wa 1901, madaktari wa Mengo, Kampala, walianza kupokea wagonjwa wa ajabu. Mtu anashikwa na homa, tezi za shingo zinavimba, kisha anasinzia mchana kutwa. Anakonda, akili inamtoka, anakufa. Waganda waliuita mongota. Sisi tunauita malale. Katika miaka michache watu zaidi ya 200,000 waliangamia Uganda, hasa Busoga na visiwani, na ugonjwa ukafika ufuko wetu: Samia, Rusinga, Mfangano, bonde la Lambwe.

Mwaka 1903 David Bruce na wenzake walionyesha kwamba anayeueneza ni mbung'o, anayekaa kwenye vichaka vya kando ya maji. Sasa fikiria, nani anakwenda majini kila siku? Mvuvi. Mama mwenye mtungi. Mtoto anayeoga. Ziwa lililowalisha ndilo lililowazika.

Na tiba je? Robert Koch alifika visiwa vya Ssese 1906, akawadunga wagonjwa dawa yenye sumu ya aseniki ndani yake. Baadhi yao walipofuka macho. Serikali ya Uganda nayo ikawahamisha watu wa ufukoni na visiwani, uvuvi ukapigwa marufuku. Walionusurika na mbung'o wakakutana na njaa.

Mtu atakwambia, "Hiyo ni adhabu, walikuwa makafiri." Taratibu, ndugu yangu! Mwaka wa 18 Hijria tauni ya Amwas iliingia Sham ikamuua Abu Ubaida bin al-Jarrah (RA), mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo. Ikamchukua na Muadh bin Jabal (RA). Hao nao walikuwa wanaadhibiwa? Mtume (SAW) alifundisha kwamba Muislamu anayekufa kwa tauni huandikiwa daraja la shahidi. Na mwanawe Ibrahim alipofariki angali mdogo, Mtume alilia machozi. Siku hiyo jua likapatwa, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya mtoto yule. Akawakataza: jua na mwezi havipatwi kwa kifo cha mtu. Hata katika msiba wake mwenyewe hakukubali watu wajitungie maana ya tukio.

Kuna pia mkono wa binadamu, tusimsingizie Mungu kila kitu. Miaka ya 1890 sotoka ilimaliza ng'ombe, malisho yakaota vichaka, na vichaka ndiyo makao ya mbung'o. Juu yake vita vya ukoloni, misafara, wapagazi wakihamishwa huku na huko. Lakini tuseme kweli, maelezo hayo yanatueleza ugonjwa ulivyosambaa tu. Mama wa Mfangano aliyezika watoto hayamjibu.

Soma Suratul Kahf, kisa cha Nabii Musa (AS) na yule mja mwema. Mashua ya maskini inatobolewa. Musa anakasirika, na mimi ningekasirika. Baadaye anaelezwa sababu za mambo matatu: mashua, kijana, ukuta. Matatu basi! Mtume mkubwa kama yeye hakuelezwa ya dunia nzima. Sisi tumeahidiwa Siku ambayo hakuna haki itakayopotea, hata ya mtoto aliyekufa bila jina lake kuandikwa popote. Nakiri hilo halikaushi machozi leo.

Wala kukubali kadari si kukaa kitako. Sayyidna Umar (RA) alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia habari za tauni, alirudisha msafara. Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Akajibu kwamba ndiyo, anaikimbia kuelekea kadari nyingine ya Mungu huyo huyo.

Lambwe ilitaabika kwa miongo mingi, na sehemu yake leo ni Mbuga ya Ruma. Walipita wapimaji damu, wauguzi, na vijana wa vijijini waliotundika mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi ambavyo mbung'o huvifuata. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa nchini alionekana 2009. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa Kenya imeutokomeza malale kama tatizo la afya ya umma. Mbung'o wenyewe bado wapo Ruma, na kazi ya kuwachunga inaendelea.