Kaburi la Askari wa Kusini na Aliyelichimba

Mmarekani atafutaye habari za babu yake aliyepigana upande wa Majimbo ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 aghalabu huanzia kwenye kadi za utumishi zilizohifadhiwa Washington, ambazo makarani wa Wizara ya Vita walizinakili baadaye kutoka orodha za vikosi, za hospitali na za mateka. Kisha, madhali serikali ya Muungano haikuwapa askari hao pensheni, huzigeukia hati za pensheni za jimbo alikozeekea babu huyo, ambalo pengine silo alikoandikishwa. Njia hiyo ni sahihi, wala siibezi. Ninalodai ni kwamba mtafiti aifuataye mpaka kaburini, asiulize ni nani aliyelichimba kaburi lile na kulitia daftarini, hajaisoma hati yake ipasavyo.

Kwa mfano, kambi ya mateka wa Kusini iliyofunguliwa Elmira, jimbo la New York, mwezi wa Julai 1864 ilipokea watu wapatao 12,000, na katika muda wa mwaka mmoja karibu 3,000 kati yao walikufa kwa kuhara, kichomi, ndui na kiseyeye. Aliyewazika katika makaburi ya Woodlawn ni John W. Jones, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani Leesburg, Virginia, akatoroka mwaka 1844, na ambaye, alipokwisha kutulia Elmira, aliwasitiri mamia ya watoro waliokuwa wakielekea Kanada. Kila maiti alimwekea ubao wenye jina, kombania, rejimenti na namba ya kaburi, akayaandika yayo hayo katika daftari lake, hata katika watu 2,973 aliowazika wasiojulikana ni saba tu. Mbao zilipochakaa na serikali ikasimamisha mawe ya marumaru mwaka 1907, majina yalikuwa yangalipo. Hiyo ni amana iliyotunzwa kwa insafu kubwa, na aliyeitunza ni mtu ambaye, lau jeshi la marehemu hao lingalishinda, ndugu zake wangalibaki mali ya watu.

Atatokea wa kusema kwamba nasaba ni jambo la ukoo, na kwamba askari wengi wa Kusini hawakumiliki mtumwa hata mmoja. Hilo la pili ni kweli. Tena tangu Aprili 1862 sheria iliwalazimisha vijana kuingia jeshini, kwa hiyo tarehe ya kuandikishwa iliyomo katika kadi yapasa kuangaliwa kwa makini kabla ya kumhukumu mtu. Lakini nia ya askari mmoja haibadili sababu ya vita, ambayo jimbo la Mississippi liliitaja waziwazi katika tamko lake la Januari 1861: utumwa.

Isitoshe, hati zenyewe hazikumtendea kila mtu sawa. Katika orodha ya watumwa ya sensa ya 1860 limeandikwa jina la bwana, na chini yake umri, jinsia na rangi za watu wasiotajwa majina, isipokuwa kwa nadra. Basi aliyempata babu yake katika daftari la Jones na aifungue pia orodha hiyo ya wilaya alikotoka babu yule, kisha sensa ya 1870, ambamo waliokombolewa waliandikwa kwa majina yao. Kwani wengi wao walikuwa wangali wakiishi jirani na mashamba yale yale, na wajukuu wao leo wanazitafuta karatasi hizo hizo.