Mawe Yaliyoelea hadi Unguja

Mwezi Julai 1884, katika siku za kusi, wanafunzi wa shule moja ya wamisionari huko Unguja waliokota ufukweni mawe yasiyozama. Yalikuwa mepesi, yenye vitundu tele, ya jamii ya yale tunayosugulia nyayo. Pamoja nayo bahari ilikuwa imetupa mafuvu na mifupa ya wanadamu, imetakata, haina nyama.

Vyote hivyo vilitoka Krakatau, kisiwa cha mlango-bahari wa Sunda baina ya Java na Sumatra, zaidi ya kilomita 7,000 mashariki. Atazamaye ramani ataona kuwa Krakatau na Unguja zimelala karibu mstari mmoja, nyuzi 6 hivi kusini mwa Ikweta. Mkondo wa bahari uelekeao magharibi uliichukua shehena hiyo kwa muda wa miezi kumi na moja hivi.

Chini ya Java, bamba la ardhi lililobeba sakafu ya Bahari ya Hindi huzama polepole, sentimita chache kwa mwaka, chini ya bamba jirani. Huzama pamoja na maji yaliyonaswa miambani. Maji hayo yakikamuliwa na joto na mkandamizo, hupenya mwamba wa juu yake na kuufanya uyeyuke kwa joto ambalo peke yake lisingetosha. Uji huo wa moto, yaani magma, hupanda kwa kuwa ni mwepesi kuliko miamba iliyouzunguka. Magma ya Krakatau mwaka ule ilikuwa nzito, yenye kunata, nayo ikaifungia gesi ndani yake. Ilipokaribia juu, mkandamizo ulipungua na gesi ikafumka, mithili ya chupa ya soda iliyotikiswa inapofunguliwa. Yale mawe ya Unguja hayakuwa ila povu hilo, lililoganda kabla mapovu hayajapasuka.

Mlima ulianza kufuka tarehe 20 Mei 1883. Siku chache baadaye wakazi wa Batavia walipanda meli ya moshi kwenda kuutazama, kana kwamba ni tamasha. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti ikaja milipuko minne. Mkubwa kuliko yote ulisikika hadi kisiwa cha Rodrigues, karibu kilomita 4,800 mbali, ambako mkuu wa polisi, James Wallis, aliandika kuwa amesikia kama mizinga ikipigwa upande wa mashariki. Ghala la magma lilipokuwa tupu, paa lake liliporomoka, na thuluthi mbili za kisiwa zikamezwa. Watu zaidi ya 36,000 walikufa, wengi wao si kwa moto bali kwa mawimbi yaliyofika mita 30 na zaidi.

Gesi ya salfa nayo ilipaa juu kuliko mawingu ya mvua, ikageuka matone madogo mno yaliyoizunguka dunia na kuzuia sehemu ya mwanga wa jua. Hali ya hewa ikapoa kidogo mwaka uliofuata. Magharibi yakawa mekundu hata wazima moto wa Poughkeepsie, Marekani, wakatoka mbio wakidhani mji unaungua. Jijini London, William Ascroft alichora mamia ya picha za anga hilo kando ya Mto Thames, na baadhi yake ndizo zilizofungulia ripoti ya Royal Society ya mwaka 1888. Siwalaumu wanasayansi wale. Kazi yao ilikuwa kubwa. Lakini hapa Uingereza nimewasikia wengi wakiitaja Krakatau kwa uzuri wa machweo, na sijamsikia aliyeitaja kwa mifupa ya pwani yetu.

Mwaka 1927 mlima mpya ulichomoza baharini pale pale, ukaitwa Anak Krakatau, yaani mtoto wa Krakatau. Usiku wa tarehe 22 Desemba 2018 ubavu wake mmoja uliporomokea majini, na mawimbi yakaua watu zaidi ya 400. Mitambo ya tahadhari ilikuwa imetegwa kwa ajili ya matetemeko ya ardhi, haikulia.