Mtama wa kiangazi: majani mabichi yanapoua ng'ombe

Mvua za kwanza zikinyesha kisha kiangazi kirefu, hapa bonde la Ruzizi kama kwingine, visiki vya mtama vilivyobaki shambani vinachipua upya. Majani ni laini, na ng'ombe wenye njaa wanayakimbilia. Pengine hata saa moja haijapita, mmoja anahema mbio, anayumba, anaanguka. Hapo maneno yanaanza kijijini: nani ametega sumu? Ni jirani gani ana wivu? Kabla ya kunyoosheana vidole, tuangalie kwanza jani lenyewe.

Mtama una kitu wataalamu wanakiita durini. Jani likiwa zima, durini imefungiwa pahali pake, mbali na kile kinachoivunja. Ng'ombe akitafuna, viwili vinakutana na sianidi inatoka, sumu ile ile ya muhogo mchungu. Ndiyo maana mama anatwanga sombe na kuipika muda mrefu. Ng'ombe yeye hana wa kumpikia.

Ukame unaongeza hatari. Mmea ukikosa maji, utomvu wake unakuwa mzito, unajaa sukari na vitu vingine vya kushikilia maji kidogo yaliyobaki. Unadumaa pia, na durini inabaki nyingi katika majani machache. Machipukizi ndiyo mabaya zaidi. Kwa hiyo siku za kuogopa si zile za jua kali tu, ni hizi ambapo mfugaji anafurahi kuona kijani kimerudi.

Kuna na sumu ya pili, nitrati. Mizizi inaivuta kutoka udongoni, na kawaida majani yanaigeuza kuwa chakula cha mmea. Wakati wa ukame kazi hiyo inalegea, nitrati inajikusanya, zaidi sana sehemu ya chini ya bua. Mahindi yaliyonyauka nayo yanaweza kuwa hivyo, hasa shamba likiwa limetiwa mbolea nyingi.

Tufanye nini? Usiingize mifugo katika mtama mchanga ama machipukizi mpaka yapite sentimita 60 hivi, ni kusema juu ya goti. Usipeleke ng'ombe mwenye njaa. Ashibe kwanza nyasi kavu. Ukikata mtama na kuukausha vizuri juani, sianidi nyingi inapotea. Nitrati haiondoki kwa kukausha, basi kata juu na uache bua la chini shambani.

Mnyama akianza kuyumba, ondoa kwanza wenzake shambani, halafu ita veterinere mbio. Angalia pia damu: ya sianidi inakuwa nyekundu ya kung'aa, ya nitrati inageuka kahawia kama chokoleti. Mwambie rangi uliyoona, sababu sindano ya sumu moja si ile ya nyingine.