Mji Ulioitwa Unga

Mwaka 1865, ukame ulipokuwa umewaua kondoo wengi wa Australia Kusini, mpima ardhi mkuu wa koloni hilo, George Goyder, alipanda farasi kwenda kutafuta ukame ule unaishia wapi. Alizunguka karibu kilomita 3,200. Takwimu za mvua zilikuwa haba, basi akasoma mimea: pale mikalitusi mifupi inayoitwa mallee inapokoma na vichaka vya majani ya chumvichumvi kuanza, akachora mstari. Kusini yake mtu alime, kaskazini yake afuge. Leo tunajua mstari huo unakaribiana na mahali panapopata milimita 250 hadi 300 za mvua kwa mwaka. Dodoma, tunayoiita kame, hupata zaidi ya 500; ila kule mvua hunyesha wakati wa baridi, jua halijaimaliza, na ngano huweza kujipatia riziki yake.

Kisha mvua ikanyesha. Miaka ya mwanzo ya 1870 ilikuwa mizuri kupita kawaida, na nchi iliyojulikana kwa vumbi ikaota majani. Sheria ya mwaka 1872 ilikuwa imezuia kuuza ardhi kwa mkopo nje ya mstari. Wenye njaa ya mashamba wakapiga kelele, na mwaka 1874 kizuizi kikaondolewa. Wakati huo ilivuma imani, Australia na hata Marekani, kwamba mvua hulifuata plau: ardhi ikishalimwa hunywa maji na kurudisha unyevu angani. Mji uliopimwa mwaka 1878, mbali sana kaskazini ya mstari, ukaitwa Farina, yaani unga kwa Kilatini. Kuanzia mwaka 1880 ukame ukarudi, na walowezi wengi wa kaskazini wakarudi walikotoka. Nyumba zao zilikuwa za mawe. Mtu hajengi kwa mawe mahali anapodhani anapita tu.

Historia hii husimuliwa kama kisa cha ukame. Mimi naona mshitakiwa ni mvua. Ukame uliirudisha nchi katika hali yake tu. Kilichowapoteza watu ni ile misimu michache iliyotoa ushahidi wa kile walichokwisha kukitamani. Wapo watakaosema Goyder naye alichora mstari wake katikati ya ukame, kwa hiyo alidanganywa na mwaka mbaya kama wenzake walivyodanganywa na mwaka mzuri. Hoja hiyo ina uzito, na wakulima waliitumia. Lakini kichaka hakizaliwi kwa msimu mmoja. Mmea uliosimama mahali kwa miongo umekwisha kupita kwenye mafuriko na kiu, na kuwapo kwake ni hesabu ya yote mawili. Waliotazama ngano ya mwaka huo walikuwa na hesabu ya mwaka huo.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: wapo wakulima wanaovuna ng'ambo ya mstari hadi leo, kwa mbolea ya fosfeti na mbegu zilizoboreshwa. Ni kweli, hasa karibu na mstari wenyewe. Tena si haki kuwaita walowezi wale wajinga. Ardhi ya kusini ilikwisha kushikwa, na serikali ndiyo iliyowafungulia mlango. Hata hivyo Goyder hakusema kaskazini hakutanyesha kamwe. Alichopima ni kama mvua inaweza kutegemewa, na jambo hilo mwaka mmoja wa neema hauwezi kulijibu, hata ukiwa wa neema kiasi gani.

Farina yenyewe iliishi kwa reli, iliyofika mwaka 1882, na kwa kupakia mifugo, mpaka nayo ikahamwa. Kati ya magofu limebaki tanuri la mkate lililojengwa chini ya ardhi. Wanaojitolea kukarabati mji huo huliwasha kila mwaka na kuwaokea wageni mikate, kwa unga unaoletwa kutoka mbali.