Walioifia Nafsi Wakaimba: Urithi wa Uamsho katika Uimbaji Wetu



Wapendwa, katika kurasa nyingine za kitabu hiki mtaona picha za wanakwaya wa miaka iliyopita, sare zilizobadilika na majina ya walimu waliotufunza kuimba. Sisi wanakwaya tumeona vyema tuongeze historia moja ambayo haimo katika picha hizo. Ni historia ya Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao wazee wetu wengi katika imani waliokokea ndani yake. Uamsho huo ulitufundisha jambo lililo gumu kuliko noti yoyote: kuifia nafsi na kuishi kwa imani.

Mafundisho yenyewe ni ya Mtume Paulo. Katika Wagalatia 2:20 anaeleza kwamba msalaba wa Kristo ulikuwa pia mwisho wa Paulo yule wa kale. Uhai alionao sasa ni wa Kristo anayekaa ndani yake, na kila siku anauishi kwa kumtegemea Yeye aliyempenda. Wengi wetu tuliukariri mstari huo katika shule ya Jumapili. Kizazi kilichotutangulia kilijaribu kuutenda, na kwa wengine ulikuwa na gharama kubwa.

Mwanzo wake: Gahini na Namirembe

Uamsho haukuanza kwa watu wenye nguvu. Mwaka 1928 daktari kijana Mwingereza, Joe Church, alifika Gahini, nchini Rwanda, karibu na Ziwa Muhazi, kufanya kazi katika hospitali ya misheni. Alikuta njaa kali. Wagonjwa walikuwa wengi, wafanyakazi wachache, na baada ya muda daktari mwenyewe akachoka mwili na roho. Mnamo Septemba 1929 alikwenda Kampala kupumzika. Huko, kwenye kilima cha Namirembe, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na njaa ya Mungu kama yeye. Wawili hao walikaa pamoja wakachunguza Maandiko na kuomba. Mmoja alikuwa mzungu na mwingine Mwafrika, wakati wa ukoloni, na wote wawili walikiri kwamba hawana kitu. Tangu hapo urafiki wao ukawa mfano wa yale yatakayofuata.

Huko Gahini kulikuwa na Yosiya Kinuka, kiongozi wa wahudumu wa hospitali. Mambo hayakwenda vizuri kazini, na kulikuwa na manung'uniko mengi. Kinuka alipomtembelea Nsibambi, alielekezwa aanze kutazama dhambi iliyo moyoni mwake mwenyewe kabla ya kutazama makosa ya hospitali. Alirudi Gahini akiwa mtu mwingine. Hapa ndipo tunapoona siri ya Uamsho wote. Kila mtu alikuwa na orodha ya makosa ya wenzake. Badiliko lilikuja pale mtu mmoja alipoiweka chini orodha hiyo na kuanza na jina lake.

Ndugu yake Nsibambi, Blasio Kigozi, alihudumu pia Gahini. Alililia kanisa liamke kutoka usingizini. Alifariki mwanzoni mwa mwaka 1936, akiwa bado kijana, lakini wito wake haukuzikwa naye. Mwaka 1937 Kanisa la Uganda liliadhimisha miaka 60 tangu wamisionari wa kwanza Waanglikana walipofika mwaka 1877. Wito wa kuamka ndio uliosikika katika mikutano ya mwaka huo. Ni vyema tukumbuke hilo leo tunapokata keki na kupiga vigelegele. Yubilei ile haikuwa ya kuhesabu miaka peke yake. Iliwauliza Wakristo kama bado wako macho.

Unaingia Kenya

Mwaka huohuo wa 1937 timu ya Uamsho ilifika Kabete, karibu na Nairobi. Kutoka hapo na kutoka upande wa Nyanza moto ukaenea. Watu walioguswa waliitwa majina mbalimbali: Waganda waliwaita Balokole, Wakikuyu wakawaita Ahonoki, yaani waliookoka, na kwa Kijaluo wakaitwa Joremo, watu wa damu, kwa sababu walizungumza sana juu ya damu ya Yesu. Wao wenyewe waliitana Ndugu. Hawakuanzisha dhehebu jipya. Walibaki katika makanisa yao ya Anglikana, Presbiteri na Methodisti, wakakutana kila wiki katika ushirika.

Ni nini kilichofanyika katika ushirika huo? Watu walisoma Neno, wakaomba, kisha wakatembea nuruni. Maana yake, mtu alisimama akaeleza wazi pale alipoanguka: alimsengenya nani, alichukua nini kisicho chake, alimkasirikia nani nyumbani. Hakuishia kusema. Aliyeiba alirudisha, hata kama ni jembe au ng'ombe. Mume aliomba msamaha kwa mke wake. Wamisionari walikiri kiburi chao mbele ya Waafrika, nao Waafrika wakakiri chuki waliyoificha. Katika Kenya ya wakati ule, ambapo rangi ya mtu iliamua atakaa wapi na atakula na nani, kuketi meza moja kama ndugu lilikuwa jambo la kushangaza.

Neno walilolitumia sana lilikuwa kuvunjika. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ndugu waliamini kwamba nafsi haiinami kwa hiari yake. Inataka kujitetea, kueleza sababu, kumtaja aliyeanza ugomvi. Kuifia nafsi kulikuwa kuyaacha hayo yote chini ya msalaba na kusema, "Mimi ndiye niliyekosa." Na kuishi kwa imani kulikuwa kuamini kwamba ukishasema hivyo, hutaangamia, kwa kuwa aliyekufa kwa ajili yako atakushika. Hayo mawili hayakutenganishwa. Nani angethubutu kujiachilia kama haamini kwamba kuna wa kumpokea?

Wimbo ulipozaliwa

Hapa ndipo sisi wanakwaya tunapoingia. Mtu alipomaliza kutoa ushuhuda, waliomsikiliza walimwitikia kwa wimbo. Wimbo wa Kiganda, Tukutendereza, ukawa wimbo wa Uamsho wote. Ulitokana na wimbo wa wamisionari uliotafsiriwa kwa Kiganda, ukavuka mipaka na kuimbwa na Wakikuyu, Wajaluo, Wanyarwanda na Watanzania katika Kiganda hichohicho, hata na wasiojua lugha hiyo. Hadi leo ukianzishwa kwenye mazishi au mkutano, wazee husimama.

Tuangalie mpangilio huo. Kwanza ukweli ulisemwa, kisha waliogombana wakapatana, ndipo wimbo ukaja. Hawakuimba ili kuufunika ugomvi. Waliimba kwa sababu ugomvi ulikuwa umekwisha. Hawakuwa na kinanda wala spika, na wengi wao hawakuwahi kufundishwa sauti nne. Hata hivyo watu waliopita njiani walisimama kusikiliza, kwa kuwa walijua kwamba wanaoimba pamoja pale ndani walikuwa maadui wiki iliyotangulia.

Wakati wa kujaribiwa

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Hatuandiki haya ili kuwahukumu waliopigania ardhi na uhuru. Ardhi ilikuwa imechukuliwa kweli, na uchungu wao ulikuwa wa haki. Lakini Ndugu wa Mkoa wa Kati walijikuta mahali pembamba. Walipotakiwa kula kiapo, wengi walikataa, wakisema kwamba wameshaishiriki damu ya Kristo na hawawezi kuichanganya na damu nyingine. Na walipotakiwa na serikali kuchukua bunduki na kuwa walinzi, wengi wao walikataa hilo pia, kwa kuwa hawakutaka kumwua mtu wa nyumba yao. Kwa hiyo walishukiwa na pande zote mbili. Wako waliopigwa, waliochomewa nyumba na waliouawa.

Watu hawa walipata wapi ujasiri huo? Tunaamini haukuwajia usiku ule mlango ulipogongwa. Kwa miaka kumi na mitano walikuwa wamejizoeza kufa katika mambo madogo: kukubali kosa, kurudisha shilingi isiyo yao, kumwomba msamaha jirani waliyemdharau. Kifo kilipokuja kwa upanga kilimkuta mtu ambaye alikuwa amekwisha kuyatoa maisha yake. Hakikuwa na kitu kikubwa cha kumnyang'anya.

Leo mjini Murang'a liko kanisa kuu la kumbukumbu ya Wakristo hao, Kanisa la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote. Ndani yake msanii Elimo Njau, mzaliwa wa Tanzania, alichora ukutani maisha ya Yesu tangu kuzaliwa hadi kusulubiwa. Yesu wake ni Mwafrika, na mandhari ni ya vilima vya Ukikuyu. Anayetazama picha ya msalaba pale haoni jambo lililotokea mbali Yerusalemu peke yake. Anaona kwamba lilitokea hapa, katikati ya migomba na mashamba yetu.

Na mwaka 1969, viapo viliporudi katika nchi iliyokwisha kuwa huru, Wakristo wengi walisimama tena wakakataa, na mzee mmoja wa Kanisa la Presbiteri alipigwa hadi akafa.

Hatari iliyojificha

Historia ya kweli haifichi makunyanzi. Uamsho huu nao ulikuwa na majeraha yake. Wako waliougeuza ushuhuda kuwa kipimo cha kuwapimia wengine: nani ameokoka kweli, nani anavaa mapambo, nani amekopa pesa. Huko Nyanza mvutano kati ya Joremo na wenzao waliojiita Johera, watu wa upendo, ulikua hadi mwaka 1957 kundi kubwa likaondoka katika Kanisa la Anglikana na kuanzisha Kanisa la Kristo katika Afrika. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, lakini jina hilo la Johera lina somo. Kama jirani yako anaona haja ya kujiita mtu wa upendo ili ajitofautishe nawe, jiulize amekosa nini kwako.

Nafsi ni mjanja. Hata unyenyekevu inaweza kuuvaa kama vazi la sherehe. Mtu anaweza kusimulia jinsi alivyovunjika, na moyoni akangoja kupigiwa makofi. Ndiyo maana Yesu, katika Luka 9:23, anataja kuuchukua msalaba kila siku. Ushuhuda wa mwaka jana hautoshi kwa Jumapili hii.

Neno kwa kwaya na usharika

Kwaya ni mahali ambapo nafsi huonekana haraka. Ni nani ataanzisha wimbo? Ni nani atashika kipaza sauti siku ya kurekodi? Kwa nini sare imechaguliwa bila sisi kuulizwa? Kwaya nyingi katika nchi hii hazikuvunjwa na upungufu wa sauti. Zilivunjwa na maswali kama hayo. Na waliokaa katika viti vya usharika wanajua, hata tukiimba vizuri namna gani, ni besi yupi na soprano yupi ambao hawasalimiani.

Mwalimu mzuri wa kwaya humwambia mwanafunzi wake asikilize sauti ya jirani kabla ya kupaza yake. Si kwamba sauti yake haina thamani. Wimbo unaihitaji, ila unaihitaji ikiwa mahali pake. Ndivyo tunavyouelewa mstari ule wa Paulo. Mungu hakutaka kumfuta Paulo. Alipoifia nafsi alibaki na akili yake, lugha zake na ukali wake wa kuandika barua. Kilichokufa ni ile haki ya kujiweka katikati. Vyote alivyobaki navyo vikapata Bwana mwingine.

Kwa hiyo, wapendwa, tunawaomba tuipokee yubilei hii kwa mpangilio ule wa wazee wetu. Katika sheria ya kale, Walawi 25, mwaka wa yubilei ulikuwa mwaka wa kuachiliana: aliyefungwa akaenda huru, na shamba likarudi kwa mwenyewe. Kabla ya wimbo wa mwisho wa ibada ya leo, kama kuna deni, lilipwe. Kama kuna aliyeacha kwaya kwa uchungu, naye ameketi humu kanisani, mtu amfuate alipo. Kuna neno ambalo tumekuwa tukingoja mwingine aanze kulisema, tulianze sisi.

Tuliopewa huduma hii ya uimbaji tumeirithi kwa watu walioimba bila kinanda, wakijua kwamba kesho huenda wasiwepo. Wengi wao wamelala, na majina yao hayakuandikwa popote ila kwa Mungu. Mbegu huanguka ardhini isionekane tena, ndipo shamba linapojaa. Sisi ni mavuno yao. Mungu atujalie nasi tuwe mbegu kwa watakaoimba katika yubilei ijayo.

Yesu asifiwe sana!