Oldeani ya Chuma: Juu ya Kulipia Magazeti ya Reli za Mfano

Kata ya Kansay imo katika Wilaya ya Karatu, katika nchi ya Wairaqw, mahali ambapo reli haikupata kufika. Njia ya reli iliyo karibu ni ile iliyoanzwa na Wajerumani huko Tanga katika mwaka wa 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, na Arusha mwaka 1929 wakati wa utawala wa Waingereza; ikakoma hapo. Atokaye Arusha kwenda Karatu hupita Makuyuni na Mto wa Mbu, akaupanda ukuta wa Bonde la Ufa kwa gari la barabarani, na mbele yake hataona tena pau za chuma wala stesheni. Watoto wengi wa huko wamelijua gari la moshi kwanza kwa picha ya kitabu cha shule.

Walakini nchi hiyo isiyo na reli inalo jina lake katika historia ya reli. Katika miaka ya 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer, Peacock kilichokuwa Gorton, katika mji wa Manchester, kiliunda injini 34 kwa ajili ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Zikaitwa injini za daraja la 59, na kila moja ikapewa jina la mlima au safu ya milima ya Kenya, Uganda au Tanganyika. Namba 5901 ikaitwa Mount Kenya. Namba 5910 ikapewa jina la Hanang, na 5919 jina la Lengai. Mbili zilichukua majina ya milima ya nyanda za Ngorongoro: 5908 ikaitwa Mount Loolmalasin, na 5912 ikaitwa Mount Oldeani. Oldeani ni neno la Kimasai lenye maana ya mianzi. Ni mlima, na kadhalika ni jina la kata katika wilaya ile ile iliyo na Kansay.

Injini hizo zilikuwa za namna ya Garratt, yaani namna iliyobuniwa na Herbert William Garratt, Mwingereza, aliyeomba hati ya uvumbuzi wake katika mwaka wa 1907. Birika la mvuke hukaa katikati juu ya fremu yake, na mbele na nyuma yake huwekwa seti mbili za magurudumu, kila seti ikiwa na mitambo yake. Hivyo injini ndefu huweza kujipinda katika kona kali, na uzito wake husambazwa juu ya reli. Daraja la 59 lilikuwa na uzito wa tani 250 na zaidi, na urefu wa mita 31 na kitu. Katika reli zote za upana wa mita moja duniani hapakuwa na injini ya mvuke yenye nguvu kupita hizo. Kazi yake kubwa ilikuwa kuvuta mizigo kutoka Mombasa kupanda Nairobi. Mtu wa Oldeani aliyetaka kuiona Oldeani ya chuma ilimlazimu kwenda Kenya, na hapana dalili ya kuwa aliyeiita injini kwa jina hilo alikwenda kuwauliza wenye mlima.

Injini hizo ziliondolewa kazini katika miaka ya 1970, na kufikia mwaka 1980 zilikuwa zimekwisha. Shirika lenyewe lilivunjika pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki katika mwaka wa 1977. Kiwanda cha Gorton kilikuwa kimefungwa tangu 1966. Katika zile 34 zimebaki mbili, nazo ziko Nairobi: 5918, Mount Gelai, na 5930, Mount Shengena. Oldeani haimo.

Basi mtu akitaka leo kuijua Mount Oldeani ilivyokuwa, hata akataka kuiunda upya kwa ukubwa wa kuwekwa juu ya meza, atashika wapi? Swali hili ndilo linalotufikisha kwenye magazeti ambayo kwa kawaida wanachuoni huyapita bila ya kuyatazama, nayo ni magazeti ya watu wanaounda reli za mfano kwa kujifurahisha.

Kazi hiyo ina magazeti yake ya zamani. Katika Uingereza Percival Marshall alianzisha The Model Engineer mwaka 1898, kwa mafundi wa nyumbani waliotaka kuunda mitambo midogo ya kila aina. Katika mwaka wa 1925 likafuata Model Railway News, na mwaka 1949 Railway Modeller. Katika Marekani mpiga chapa mmoja wa Milwaukee, Al C. Kalmbach, alitoa toleo la kwanza la Model Railroader mnamo Januari 1934, wakati nchi yake ilipokuwa katika dhiki kuu ya uchumi. Yastaajabisha kidogo kwamba watu waliokosa kazi, au walioogopa kuikosa, walikuwa tayari kutoa senti kwa ajili ya vigari. Lakini huenda dhiki yenyewe ndiyo iliyowafanya watafute kazi ya mikono isiyoweza kufutwa na mwajiri.

Magazeti hayo yalikuwa na desturi moja iliyoyatenga na magazeti mengine ya starehe. Fundi wa mfano hatosheki na sifa, hutaka vipimo. Akiambiwa kwamba injini ni kubwa na ya fahari, habari hiyo haimfai kitu. Ataka kujua kipenyo cha gurudumu, umbali kati ya ekseli na ekseli, kimo cha bomba la moshi kutoka juu ya reli, na idadi ya misumari katika bamba la tangi. Kwa hiyo wahariri wakawa wanatuma watu wenye tepu za kupimia kwenye karakana na stesheni, au wakapokea michoro ya watu waliojituma wenyewe, wakaichapa kwa kipimo kilicho sahihi. Mwaka baada ya mwaka kukakusanyika, bila ya mtu kukusudia, hazina ya maarifa juu ya vyombo ambavyo wenyewe walikuwa karibu kuvitupa. Mashirika ya reli yaliuza injini zao kama chuma chakavu, na mara nyingi karatasi zao zikaenda njia hiyo hiyo.

Hazina hiyo ina kasoro yake, na haifai kufichwa. Ilihifadhi kipenyo cha gurudumu, lakini mara chache ilihifadhi jina la dereva au la mchochea moto. Katika habari za reli za Afrika Mashariki zilizoandikiwa wasomaji wa Ulaya, mashine huonekana waziwazi, nao watu waliozitia mafuta na kuzilaza usiku karakanani huwa kivuli pembeni mwa picha.

Sasa, magazeti haya yaliishi kwa ada ya mwaka. Msomaji hulipa kwanza, kisha hungoja matoleo 12 ambayo hajui yatakuwa na nini. Swali la kuendelea kulipa au kuacha ni la zamani kama magazeti yenyewe, lakini tangu kuingia kwa intaneti limekuwa zito. Wanaotaka kuacha wana hoja za kweli. Husema kwamba bei imepanda na kurasa zimepungua. Kwamba mambo hurudiwa, na aliyesoma kwa miaka 10 amekwisha kufundishwa mara 4 jinsi ya kuunda mlima kwa plasta. Kwamba matangazo ya biashara yamekuwa mengi kuliko michoro. Tena kwamba mafundi wenzao hujibu maswali bila ya malipo kwa siku moja, kazi ambayo gazeti huifanya kwa miezi 3. Katika mwaka wa 2009 lilianzishwa jarida zima la Model Railroad Hobbyist, likitolewa kwa intaneti bila ya msomaji kulipa kitu. Kwa nini mtu alipie kinachopatikana bure?

Kwa msomaji wa mahali kama Kansay gharama huzidi. Barua katika Tanzania huja kwa sanduku la posta, nalo sanduku lina ada yake. Gazeti la ng'ambo lina bei yake, na juu ya bei kuna nauli ya kuvuka bahari. Na likichelewa, hufika likizungumza juu ya maonyesho yaliyokwisha kufanyika. Mtu aliyepata fedha zake kwa mahindi au ngano, na mwenye watoto wanaodai madaftari, hawezi kulaumiwa akiona kwamba habari za vigari zaweza kungoja.

Hata hivyo hoja hizo zote zina msingi mmoja, nao ni wa kutiliwa shaka. Zinalipima gazeti kwa toleo la mwezi huu: kurasa ngapi zimenifaa, na kila ukurasa umenigharimu kiasi gani? Kipimo hicho chafaa kwa kilo ya sukari. Hakifai kwa kitu ambacho thamani yake yatokana na kufululiza.

Wasomaji wa Kiswahili wanao mfano wao wenyewe wa jambo hili. Mnamo Januari 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianza kutoa Mambo Leo katika Dar es Salaam. Lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni, nalo lilisema yale ambayo serikali ilitaka yasemwe. Aliyelinunua alipata matangazo, mashauri ya kilimo, habari za miji, hadithi, na mashairi ya watu wa kila upande. Mnunuzi mmoja akichoshwa na mashauri ya kilimo angeweza kusema, kwa haki, kwamba toleo la mwezi ule halikumfaa. Lakini humo ndimo mashairi ya Shaaban Robert yalimopata wasomaji kabla ya kuingia vitabuni, na humo ndimo mwanachuoni wa leo huenda kutafuta jinsi lugha ilivyoandikwa na watu wasiokuwa na vitabu vyao. Faida hiyo haikuwamo katika toleo lo lote peke yake. Imo katika mfululizo wa miaka 40, na mfululizo huo uliwezekana kwa sababu palikuwapo na watu waliotoa senti zao hata katika miezi isiyokuwa na ladha.

Turudi kwa Oldeani ya chuma, maana ndipo jambo linapoonekana kwa macho. Fundi akichagua kipimo cha 1 kwa 87, ambacho hutumiwa na wengi, injini yake itakuwa na urefu wa sentimita 36 hivi, nayo itapita juu ya reli ya upana wa milimita 12. Hesabu hiyo ni nyepesi. Ugumu ni kujua anaunda Oldeani ya mwaka gani. Injini za daraja la 59 zilitoka Manchester na bomba la moshi la mviringo. Baadaye zilitiwa bomba refu jembamba, lililobuniwa na Giesl-Gieslingen wa Austria ili kupunguza matumizi ya mafuta. Sura ya injini ikabadilika kabisa. Injini iliyo katika makumbusho humwonyesha mtazamaji sura yake ya mwisho tu. Picha iliyookotwa katika intaneti mara nyingi haina mwaka, wala jina la mpigaji, wala mahali. Lakini mchoro au picha iliyochapwa katika toleo la Machi la mwaka fulani hauwezi kuwa wa Aprili ya mwaka huo. Gazeti, hata likiwa dhaifu katika mengine, hutia muhuri wa tarehe juu ya maarifa, na muhuri huo ndio sehemu kubwa ya kazi ya historia.

Tena kile kisemwacho kuwa ni cha bure kina aliyekilipia. Matoleo ya Model Railroader tangu 1934 yamepata kukusanywa na kuuzwa kwa njia ya kompyuta, na mtu aweza kuyapekua yote bila ya kuwa na kabati. Lakini yasingekuwako ya kukusanywa kama walipaji wa miaka ya 1930 wangaliliacha gazeti likiwa changa. Na kukatika kwa mfululizo si jambo la kubuni. Katika mwaka wa 2014 kampuni ya Carstens, iliyokuwa ikitoa Railroad Model Craftsman, ilifunga milango, na gazeti likaokoka kwa kuchukuliwa na wachapaji wengine. Katika mwaka wa 2024 kampuni ya Kalmbach yenyewe iliyauza magazeti yake ya reli, Model Railroader likiwamo, baada ya miaka 90 ya kulishika.

Haitokei hapo kwamba kila gazeti lastahili kulipiwa daima. Kama thamani yake ilikuwa katika kupima na kuweka kumbukumbu, basi gazeti lililoacha kupima, likabaki kusifia bidhaa za watangazaji wake, limekwisha kuvunja ahadi kabla ya msomaji. Anayeliacha hapotezi kitu, wala haliibii gazeti. Wanaostahili lawama kidogo ni wale wanaoacha lile zuri kwa sababu mwezi huu limeandika juu ya reli za nchi nyingine, ilhali mwezi mwingine litaandika juu ya zao. Kwa maana kwa msomaji wa Uingereza Oldeani nayo ilikuwa reli ya nchi nyingine, na kama wote wangalifikiri hivyo mnamo 1956, asingepatikana wa kuichora.

Msomaji wa Karatu mwenye fedha za gazeti moja, basi, na ayaweke matatu mezani, ahesabu michoro yenye vipimo na tarehe badala ya kuhesabu picha za rangi, alipie lililo na mingi, na hayo mengine ayaache bila ya majuto. Nayo yale ya zamani asiyafungie vitumbua. Bomba la mviringo la Mount Oldeani, kabla halijaondolewa, limo katika karatasi za namna hiyo, na aghalabu ziko katika makabati ya wazee wa Uingereza ambao warithi wao hawajui ni mlima gani unaotajwa.