Mzazi, Somo na Lugha ya Haya

Methali ya Waswahili husema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hata hivyo, kuhusu habari za mwili, desturi ya pwani haikumwachia mama mzazi kazi hiyo. Msichana aliyevunja ungo alikabidhiwa kwa somo au kungwi. Mvulana alipelekwa jandoni, akatahiriwa na ngariba na kufunzwa kumbini. Mafunzo ya aina hiyo yameelezwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903.

Mgawanyo huo ulitokana na haya. Maneno baina ya mzazi na mwanawe yalikuwa na mipaka. Somo hakufungwa nayo. Kwa hiyo nyumbani zilitumika tafsida, kama vile 'kuvunja ungo' na 'kuwa mwezini', ilhali nyimbo na mafumbo ya unyago yalifumbuliwa mbele ya wari peke yao.

Si kweli, lakini, kwamba mzazi alinyamaza daima. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, alimtungia bintiye utendi wa wasia hali akiwa mgonjwa. Humo, pamoja na dini na adabu, mna usafi wa mwili, manukato na maisha ya mke na mume. Utendi ulimpa mama kauli ambayo mazungumzo ya kila siku yalimnyima.

Katika karne ya 20, shule na maisha ya mijini vilipunguza nafasi ya somo. Mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi walipotambuliwa mkoani Kagera, ukimya ulikuwa umekwisha kuwa hatari. Wazazi walihimizwa kusema, lakini hawakurithi msamiati wa kusemea: istilahi za hospitalini zilikuwa kavu, na maneno ya mtaani yalikuwa matusi.

Unyago ulizingatia umri, ila ulisubiri dalili za balehe. Mtoto mdogo anahitaji mapema zaidi majina ya viungo vyake na neno la kumkatalia anayemshika vibaya. Binti anahitaji kuelezwa hedhi kabla haijamshtua. Hapo ndipo mzazi asipokuwa na mbadala, kwani ulimwengu wa methali ile haungoji ungo uvunjike, na leo umo ndani ya simu ya mkononi.